Kicheche, Popi na Ndoo ya Majivu

Nje ya mlango wangu, hapa Kiseke, kuna ndoo ya majivu ya kuni. Imebaki nusu. Atakayeisogeza atanitambua. Nakuambia mapema ili mimi na wewe tusikosane, maana wewe nakuhesabu rafiki. Watu wa kiwanja hiki nimewafuta wote moyoni, isipokuwa mama mmoja nitakayekutajia.

Jumamosi asubuhi mbwa wetu, Popi, alirudi kutoka kwenye yale mawe makubwa nyuma ya nyumba akiwa amejambiwa na kicheche. Neno ni baya lakini sina lingine, na hata bibi yangu aliyenifundisha adabu alilisema hivyo hivyo. Kama hujakutana na kicheche, mshukuru Mungu wako. Ni kanyama kadogo, keusi, kenye mistari myeupe mgongoni na mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Hakana mbio wala meno ya kutisha. Silaha yake iko chini ya mkia, na akikupata nayo utadhani mtu amechoma tairi juu ya kitunguu saumu kilichooza. Harufu yenyewe haiishii puani. Inashuka mpaka kwenye ulimi, inakaa. Unakunywa chai, unakunywa kicheche.

Popi alikuwa anajisugua uso kwenye mchanga, macho mekundu, chafya juu ya chafya. Binti yangu wa chekechea alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Kabla sijamfikia mbwa, mpangaji wa chumba cha mbele, mwanamume anayejua kila kitu duniani isipokuwa siku ya kufagia uwanja, alikwisha kumwagia ndoo nzima ya maji yenye sabuni ya unga. "Nimekusaidia, mama," ananiambia, anapangusa mikono. Amenisaidia! Maji yaliiamsha ile harufu kama mtu aliyemwagiwa usingizini. Ikapanda ukutani, ikaingia kila dirisha.

Baba mwenye nyumba akatoka na singlendi, taulo amelibana puani.

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo yako ikae kwanza. Huyo mbwa leo jioni haioni. Nina watu wanakuja kuangalia kile chumba kitupu, nitawaambia nini? Kwamba napangisha choo?"

"Ananuka tu, baba. Nitamwosha."

"Si ameoshwa? Amezidi!"

"Hajaoshwa, amemwagiwa maji. Ni vitu viwili. Nipe mpaka adhuhuri."

Akanitazama, akamtazama Popi, akaitazama nyumba yake aliyoipaka rangi juzi. "Mpaka adhuhuri," akasema. "Ikipita, namtoa mwenyewe."

Tukakubaliana. Mimi na yeye, uso kwa uso, mtoto wangu akisikia.

Nilichohitaji ni majivu. Wala sikufikiri. Mikono yangu yenyewe ilijua, kwa sababu ya asubuhi moja ya likizo nyumbani kwa bibi, nje kidogo ya Misungwi, zamani, nikiwa bado msichana wa magoti yenye vumbi.

Bibi yangu usimfikirie kama mabibi wa kwenye vitabu vya shule. Hakusimulia hadithi wala hakubembeleza mtu. Aliamka amekasirika, akalala amekasirika, na katikati alifanya kazi. Aligombana na jogoo, akagombana na mvua, akagombana na mlango wa ghala kwa sababu ulilia akiufungua. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, lakini kwake hata utani ulikuwa na makali. "Wewe mke mwenzangu mvivu," atasema, "mume wetu amekufa akaniachia mimi ng'ombe na wewe usingizi. Amka!" Nilimpenda mpaka nikirudi mjini naumwa.

Asubuhi ya pale naisikia mpaka leo. Fagio la vijiti uwanjani, ng'ombe wakikohoa zizini, kinu cha jirani, moshi wa kuni unaopita chini ya mlango kabla ya jua. Kifungua kinywa kilikuwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vimechemshwa na karanga za kutwanga. Ukiikuta bado ya moto huongei na mtu. Na kazi yangu ya kwanza, kabla hata ya kunawa, ilikuwa kuzoa majivu jikoni. Majivu kwa bibi hayakutupwa. Yalichekechwa kwa ungo, mkaa ukatolewa, ule unga laini wa kijivu ukawekwa kwenye mtungi wake na mfuniko wake. Ndiyo yaliyokaa na kunde wadudu wasizile, ndiyo yaliyokwenda chooni, ndiyo yaliyong'arisha sufuria. Nikimwaga kiganja kimoja tu njiani, nilisikia kelele utadhani nimemwaga unga.

Na alikuwepo mbwa. Huko mbwa hapewi jina la kupendeza. Anapewa jina ambalo jirani akilisikia asubuhi linamkwama kooni. Babu alipokufa watu walisema mjane hawezi kushika zizi, atauza ng'ombe wote, atarudi kwao. Bibi alitafuta mbwa, akamwita Watachoka. Kila jioni alisimama langoni, mikono kiunoni, akaita kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mashamba: "Watachoka! Watachoka, njoo ule!" Mbwa akaja mbio, na wenye masikio wakala pamoja naye.

Usidhani alimpenda. Sikumwona hata mara moja akimpapasa kichwani. Alimwita mwizi, alimwita mzigo, alimrushia mwiko. Lakini ugali wa mbwa aliusonga mwenyewe, na hakumwachia mtu mwingine kuutenga.

Sasa asubuhi ile nyumbani kulikuwa na shughuli. Mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa anaposwa mchana ule. Uwanja umefagiliwa mara mbili, vibuyu vya maziwa ya mgando vimepangwa, mama mdogo kafungiwa ndani anasukwa. Ndipo Watachoka akaingia langoni na harufu yake. Kuku walihama, nakuambia. Mama mdogo alipiga yowe kutoka ndani kabla hata hajaambiwa ni nini.

Mjomba, mtoto wa kwanza wa bibi, mwanamume mrefu asiyependa maneno, alinyakua ndoo ya maji.

"Weka chini!" bibi alimfokea kutoka jikoni. "Maji ni ya mwisho! Ukimlowesha sasa tutainusa mpaka masika."

Mjomba akaweka ndoo chini, akaenda akarudi na rungu.

"Mama, wageni wanakuja. Wakikuta harufu hii watasema binti ana mkosi. Niache nimalizane naye."

"Amemuuma nani?"

"Hajamuuma mtu."

"Sasa?"

"Si ananuka!"

"Na wewe ulinuka mpaka ukaota meno yote, nilikuua?" Bibi alikuwa anajifunga kanga vizuri kiunoni, dalili mbaya kwa kila aliyemjua. "Anayenuka anaoshwa. Anayeuma ndiye anayeuawa. Kaa pale kwenye jiwe uningoje. Nikimaliza bado ananuka, rungu lako si unalo?"

Mjomba alikuwa na watoto wake mwenyewe, alikuwa na ndevu, na wageni wa posa walikuwa njiani. Alikwenda akakaa kwenye jiwe la langoni. Akaliweka rungu juu ya magoti. Akangoja.

Bibi alimvuta mbwa kwa kamba mpaka upande ambao upepo ulimpiga yeye mgongoni ukaichukua harufu kuipeleka kwa majirani. Hilo alilifanya kwa makusudi, alilisema waziwazi. Akamwosha macho tu kwa kitambaa na maji safi, akiwa amemshika taya. Halafu akaniita. "Mke mwenzangu, mtungi!" Nikaleta majivu makavu, nayo hayana moto wala unyevu, kama poda. Akayamwaga shingoni, mahali palipokuwa na madoa ya njano, akasugua kuelekea kichwani, kinyume cha manyoya, ili yafike kwenye ngozi. Alisugua kama anayemdai. Kila msuguo na neno lake. "Mpumbavu wewe. Mistari myeupe yote ile umeiona, ukafikiri ni shangazi yako? Tulia! Na yule kicheche naye sijui anaringia nini, ana mali gani ya kulinda. Na nyie wageni, mwaka mzima hamkuja, mnakuja leo."

Majivu yalikaa mpaka yakawa mazito, yanashikana vidonge vidonge. "Yamekunywa," alisema. Akayapiga kwa fagio yadondoke, akamwaga mengine. Baadaye yakaja maji yaliyochujwa kwenye majivu, yale yanayoteleza vidoleni kama sabuni, lakini aliyapunguza makali kwa maji mengine na kuyaonjesha kwanza mkono wake, ndani ya kiwiko, kwa sababu yakiwa makali yanababua ngozi. Halafu mgando, kibuyu kizima kati ya vile vya wageni, akampaka mwili mzima ili ngozi ipoe. Mama mdogo aliona dirishani akaanza kulia kwamba maziwa ya posa yake anapewa mbwa. "Utaposwa na wengine," bibi alimjibu bila kugeuka. Na mwisho, mwisho kabisa, ndipo maji yale ya mjomba yakafanya kazi.

Watachoka alijikung'uta, akatulowesha wote. Bibi akamshika shingo, akamvuta mpaka kwenye jiwe.

"Nusa," akamwambia mjomba.

Mjomba aliinama akanusa. Akafikiri. Akanusa tena, chini ya sikio. Kisha akainuka, akalirudisha rungu ndani, na bibi hakumshukuru.

Kwetu kulikuwa na sheria: aliyemwosha mbwa wa kicheche haingii palipo na vibuyu vya maziwa mpaka jua lizame na lichomoze tena, kwa sababu maziwa huvuta harufu kuliko kitambaa. Kwa hiyo posa ya binti yake bibi hakuikalia ndani. Alikaa nje, ubavuni mwa ghala, nami kando yake kwa kuwa nilishika mtungi, tukala ugali wetu na nsansa, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, kwenye sahani yetu peke yetu kama waliofukuzwa. Wazee walizungumza ndani, na kila walipofika pagumu bibi alipaza sauti kupitia ukutani: "Hapo mmenidanganya! Nanuka, si kiziwi!" Mshenga alicheka mpaka akapaliwa. Akauliza kuna nini huko nje. Mjomba akajibu, "Kuna mama." Basi. Mambo yakaisha vizuri, mama mdogo akaolewa, Watachoka akaishi mpaka akawa na mvi puani.

Hiyo ndiyo asubuhi niliyoibeba Jumamosi nikitoka hapa na ndoo tupu. Nilimfunga Popi kivulini nyuma ya nyumba. Nikamwambia binti yangu, "Kaa naye, usimguse macho, usimruhusu mtu yeyote kumwagia maji. Mama anakuja." Baba yake yuko visiwani kwenye dagaa, kwa hiyo usiniulize kwa nini nilimwachia mtoto.

Rafiki yangu, jaribu kutafuta majivu Kiseke. Nyumba ya kwanza wanapikia gesi. Ya pili gesi. Ya tatu dada ananionyesha jiko la umeme, anajidai. Pengine nilipewa majivu ya mkaa, machache, meusi, yamechanganyika na maganda ya mayai na mfuko wa plastiki ulioyeyuka. Hayo hayafai, hayana nguvu, yatampaka mbwa masizi tu. Watu walinicheka. "Majivu? Unakwenda kwa mganga?" Jua linapanda, upepo wa ziwa umelala, nami nageuka kila kona nikilitazama.

Mwishoni kabisa, karibu na barabara, nikasikia harufu ya moshi wa kuni. Mama mmoja alikuwa anakaanga sangara kwenye karai, mafiga matatu, magogo yanawaka vizuri.

"Shikamoo, mama. Naomba majivu."

"Marahaba. Ya kufanyia nini, mwanangu?"

"Mbwa amepigwa na kicheche."

Hakucheka. Aliacha samaki kwenye mafuta, akaenda nyuma akaanza kunizolea. "Usimloweshe kwanza," akaniambia. Nikataka kumkumbatia na mafuta yake yote. Nikapita dukani, nikanunua mgando wa pakiti, nikarudi karibu nakimbia, ndoo kichwani.

Adhuhuri ilikuwa bado. Nilikuwa ndiyo kwanza napita msikitini, na watu walikuwa bado hawajaanza kuingia kuswali. Naomba hilo ulishike, kwa sababu yeye sasa anawaambia watu kwamba nilichelewa.

Binti yangu alinipokea mlangoni akiwa na furaha.

"Mama! Babu wa nyumba amempa Popi nyama!"

"Nyama gani?"

"Nyama kubwa! Amesema nimpe mwenyewe. Popi amekula yote. Sasa amelala."

Sitakueleza nilichokikuta nyuma ya nyumba, povu na yote. Lakini fikiria hilo moja. Alimpa mtoto wangu ampe. Mkono wa mtoto wa chekechea, anaouamini Popi, naye akala bila kunusa, kama mbwa aliyepigwa na kicheche anaweza kunusa kitu. Mtu mzima, mwenye wajukuu, ninayemwamkia kila asubuhi.

Alikuwa amesimama barazani, anasubiri nilie. Wageni wa chumba wameshakuja, akasema, wameondoka kwa harufu. Ndiyo maana.

"Adhuhuri haijafika," nikamwambia.

"Mbwa ni mbwa, mama. Utapata mwingine."

Sikulia. Nilijifunga kanga kiunoni. Nilichukua ile ndoo, nikakaa chini, upepo uliokwisha kuamka ukiwa mgongoni mwangu na baraza lake likiwa mbele, nikaanza kumwosha Popi.

Nilimwosha macho kwa kitambaa. Nikampaka majivu, kinyume cha manyoya, mpaka kwenye ngozi. Maji ya yule mjuzi wa chumba cha mbele yalishakauka, lakini yalikuwa yameipeleka harufu ndani sana, kwa hiyo nilirudia, na nikarudia tena. Na kila msuguo na neno lake. Nilimtukana kicheche, nikamtukana mpangaji, nikamfikia mwenye nyumba, nikakaa kwake muda mrefu. Wapangaji wote walitoka wakasimama milangoni. Hakuna aliyesogea, ila mama wa chumba cha jirani, Mwislamu mwenye swala zake tano, ambaye mbwa hamgusi. Alisimama hatua kadhaa kutoka kwangu na ndoo mbili.

"Mimi kumgusa siwezi, mdogo wangu, unajua," akasema. "Lakini maji nitakuchotea mpaka utosheke."

Huyo ndiye nisiyemfuta.

"Unaosha mzoga?" baba mwenye nyumba akaniuliza kutoka juu. "Umechanganyikiwa?"

"Naosha mbwa," nikamjibu. "Mzoga umeutengeneza wewe."

Nikachuja maji ya majivu, nikayapima ndani ya kiwiko kana kwamba ngozi ile bado ingeungua. Nikampaka mgando. Mwisho maji. Nilipomaliza nilimwambia binti yangu anuse, akanusa chini ya sikio, akasema, "Hanuki tena, mama. Tumwamshe." Nikamweleza ukweli hapo hapo, kwa sababu wa kumdanganya siku hiyo alikwisha kumpata mwingine. Tukamzika Popi kwenye mawe nyuma, safi kuliko mtu yeyote kiwanjani.

Tangu hapo namwaza bibi. Amekufa miaka mingi. Jiko lake limebomolewa, mjomba amejenga nyumba ya bati la rangi na anapikia gesi, na mtungi wa majivu sijui ulivunjika lini. Watu wakikumbuka ya zamani hulilia moshi wa kuni. Mimi siulilii. Moshi ule ulimla bibi macho, mpaka mwisho akawa ananitambua kwa hatua zangu. Gesi ni nzuri, ipikiwe. Majivu ukiyatafuta sana utayapata, hata Kiseke, kwa mkaanga samaki.

Ninachokililia ni lile jiwe la langoni. Mwanamume mwenye rungu, mwenye haraka, mwenye wageni njiani, aliyeambiwa ningoje, akakaa. Hakumpenda mbwa yule. Hakuamini kwamba majivu yatafanya kazi. Alikaa tu, kwa sababu muda ulikuwa umeombwa na umetolewa, na asubuhi nzima hakuinuka mpaka alipoitwa kunusa. Nimewaangalia watu wa hapa mmoja mmoja. Sijamwona wa kukaa juu ya jiwe lile.

Natafuta chumba Buswelu. Jana baba mwenye nyumba alipita mlangoni akaitazama ndoo, akasema inaharibu sura ya nyumba, niitoe leo leo.

Nimemwambia angoje.